Mkono wa Mauwa

Jumapili, 3 Novemba

Nimekubali jambo ambalo kama mtu mwingine angelikubali, ningemcheka.

Wiki iliyopita niliandika katika safu yangu mtandaoni kwamba jijini Brussels kuna mnyama anayelala katika joto la nyuzi ishirini na nane wakati watu wanalala kwenye mahema kando ya mfereji. Niliandika kwa hasira, na hasira hiyo siijutii. Mnyama mwenyewe ni aligeta, mamba wa Amerika mwenye pua pana. Anafugwa katika makao ya wanyama waliochukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wenyewe, ndani ya ghala la zamani la bia nyuma ya kituo cha treni cha Gare du Midi, dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka nyumbani kwangu Saint-Gilles. Nikayaita makao hayo "hoteli ya meno". Watu elfu nne walisoma.

Jana katika kipindi changu cha redio mwanamke akapiga simu.

"Papa Abdul-Aziz, miye naitwa Mauwa, natoka Uvira ya Congo. Njo miye nachungaka ule mamba."

Nikamuuliza kama haoni haya.

"Bon. Weye ulishafika kwetu?"

Nikasema nimesoma ripoti yao ya mwaka, kurasa zote sitini.

"Ulisoma rapport. Donc haukufika. Kuya utumike na siye hii hiver yote, hii baridi, mpaka mwezi wa tatu. Kisha utaandika yenye unapenda."

Nikasema ndiyo kabla sijafikiri, kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza.

Rayhana, mke wangu, alikuwa jikoni akisikiliza kipindi kwenye simu yake. Nilipotoka chumbani ninamorushia matangazo aliniangalia. "Weye unavuka barabara ukiona mbwa wa jirani," akasema.

Ni kweli. Lakini wasikilizaji hawajui.


Jumamosi, 9 Novemba

Siku ya kwanza. Nje mvua nyembamba, ile isiyoisha. Ndani ya ghala miwani yangu ilijaa ukungu nikawa kipofu kwa dakika nzima.

Mauwa ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye mabuti ya mpira na filimbi shingoni. Nilitegemea mtu wa kubishana naye. Alinipa mkono, akanipa mabuti, akaniambia nimfuate.

Tulipofika kwenye lango la chuma la bwawa, nilifanya alichonifundisha mama yangu kwetu Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kabla sijajua kusoma: niligonga mara tatu na kuita, "Hodi!"

Mauwa alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka ghafla.

"Papa Aziz, hapa hatugongake. Hata siku moja. Weye ukigonga kisha ukamupa chakula, kesho kila mwenye atagonga, yeye atasema, chakula yangu hii. Ule hajui kama ni hodi. Anajua tu kenye kinafuata."

Ndani, juu ya zege, alikuwa amelala Fernand, mamba mwenyewe. Karibu mita tatu. Mkia wake umepinda kushoto, kwa sababu bwana mmoja wa mtaa wa Uccle alimlea miaka kumi na moja ndani ya beseni la kuogea, na mkia ukakua kufuata umbo la beseni. Nilikuja na sentensi zangu tayari kuhusu mnyama aliyedekezwa. Ule mkia ulinivuruga kidogo. Nimeamua nisiuandike bado.

Masharti ya Mauwa ni haya, na nilimwona akiyasema bila kusoma popote. Hakuna kuingia peke yako: mmoja anafanya kazi, mwingine ni "jicho", na jicho halifanyi kitu kingine chochote isipokuwa kumtazama mamba. Fernand ana kituo chake, jukwaa la zege upande wa mbali na lango. Chakula anakipata pale tu, kwa koleo refu, baada ya filimbi. Kwenye lango hapati kitu, kamwe, ili asipende lango. Ubao wa mbao uwe mbele ya miguu yako siku zote. Na kila mlo unaandikwa katika daftari, na watu wawili wanatia saini.

"Na kama mtu anaogopa?" nilimuuliza, kama vile nauliza kwa niaba ya wengine.

"Aniambie," akasema.


Jumamosi, 16 Novemba

Nimefagia. Nimekuwa jicho kwa saa mbili. Shingo inauma.


Jumapili, 24 Novemba

Leo nimeona kitu ambacho sikukijua wala kukisoma mahali.

Mauwa ana fimbo ndefu yenye kisahani cha buluu mwishoni. Akiiweka mbele ya Fernand, Fernand anaisogelea na kuigusa kwa pua, filimbi inalia, anapata kipande cha sungura. Basi. Kwa miaka mitatu mwanamke huyu amemfundisha kwa kisahani hicho kupanda jukwaani, kungoja, kufungua kinywa daktari aangalie meno, kuingia mwenyewe kwenye kreti bila kamba na bila wanaume sita kumkalia mgongoni.

"Watu wanasemaka mamba ni mujinga," Mauwa alisema, macho kwa Fernand. "Anajifunza mbio kuliko weye. Shida, hachague. Umufundishe muzuri, umufundishe mubaya, kwake ni leçon, somo tu."

Mimi nimefundisha historia miaka tisa, Kigoma kwenye kambi na baadaye Bujumbura. Sijawahi kuwa na uvumilivu wa namna hiyo. Nilikuwa mwalimu wa kupiga meza.

Niliporudi nyumbani nilifuta aya mbili za makala niliyokuwa naiandaa.


Jumamosi, 30 Novemba

Nje joto limeshuka chini ya sifuri. Désiré, fundi wa mitambo ya joto, mtu wa Goma mwenye tumbo kubwa na utani usiokwisha, ananiita "Hodi". "Hodi ameingia! Hodi, unakunywa kahawa?" Mauwa hapendi. Mimi napenda.


Jumamosi, 7 Desemba

Mauwa ameniruhusu kulisha. Jumapili asubuhi yeye anaimba kwaya kanisani kwao, hivyo Jumapili ni zamu yangu, na Désiré ndiye jicho langu. Hervé, mkurugenzi, Mbelgiji mrefu anayezungumza kwa sauti ya chini kana kwamba wanyama wote wamelala, alinipongeza. "Monsieur Aziz ni mtu wa maandishi," akamwambia Mauwa kwa Kifaransa. "Daftari litakuwa safi."

Nimelitangaza redioni. Nikasema nimeingia kwenye kinywa cha simba wa wenye nyumba, sijui nilimaanisha nini, lakini simu zilikuwa nyingi.


Jumapili, 8 Desemba

Nitaliandika hapa kwa sababu hapa hapasomwi na mtu.

Désiré alikuwa nyuma yangu. Nilijua kwamba naogopa na kwamba ataona, na akiona atasema, na akisema itakuwa hadithi ya Matonge nzima, mtaa wetu Waafrika, kabla ya adhuhuri. Nikamwambia, "Nenda kwenye mtambo wako, mimi niko sawa." Akasema, "Hapana, Maman Mauwa atanichinja." Nikamwambia mimi si mtoto. Akaenda.

Basi nikabaki peke yangu na ndoo. Kupitia wavu sikumwona Fernand. Mvuke ulikuwa mzito. Singeweza kufungua bila kujua yuko wapi. Nikagonga lango mara tatu. "Hodi," nikasema, kwa sauti ndogo. Maji yakasogea upande wa kushoto, kichwa kikatokea. Sasa nilijua alipo. Nilifungua lango kiasi cha mkono kupita. Kutoka hapo hadi kituoni ni hatua kumi na nne. Nilizihesabu kwa macho. Mguu haukwenda.

Nikamtupia nyama hapo hapo langoni, vipande vyote, nikafunga.

Katika daftari niliandika: "Amekula kituoni, baada ya filimbi. Tabia nzuri." Désiré alipanda kutoka kwenye mtambo, akatia saini bila kusoma.

Nilitembea mpaka nyumbani badala ya kupanda tramu. Nimetumia miaka ishirini kuwaandama watu wanaoandika ripoti za uongo. Nimewataja kwa majina yao na vyeo vyao.

Wiki ijayo nitatembea hatua zile kumi na nne.


Jumapili, 15 Desemba

Sikutembea. Nimegonga, nimetupa, nimeandika "kituoni".


Jumapili, 22 Desemba

Kama wiki iliyopita. Theluji kidogo.


Jumapili, 29 Desemba

Kama wiki iliyopita. Safari hii alifika langoni kabla sijamaliza kugonga.


Jumapili, 5 Januari

Hivyo hivyo.


Jumamosi, 11 Januari

Redioni mtu aliniuliza inakuwaje kusimama mbele ya mamba. Nikamweleza. Nilieleza kituo, filimbi, kisahani cha buluu, pumzi ya mnyama, macho yake. Yote nimeyaona kwa Mauwa. Nilisema "mimi".

Rayhana hakuzima redio yake, lakini alitoka jikoni.


Jumapili, 12 Januari

Kama kawaida. Nimelichukia neno hili nilipokuwa naliandika.


Jumapili, 19 Januari

Mara ya saba. Nimeapa ni ya mwisho. Jumamosi nitamwambia Mauwa kwamba mgongo unaniuma, anipe kazi ya kuwatunza kobe.


Alhamisi, 23 Januari

Nataka niandike kwa mpangilio, kama ilivyokuwa.

Sikungoja Jumamosi; nilikwenda makao bila zamu, kumwambia Mauwa habari ya mgongo. Alikuwa ndani ya bwawa, amechuchumaa karibu na lango, anakwangua ukungu wa kijani kwenye zege. Aliyekuwa jicho alikuwa anataka kwenda chooni, nikachukua nafasi yake nje ya wavu. Fernand alikuwa amelala kituoni kwake, mbali, kama mti ulioanguka. Ubao wa Mauwa ulikuwa pembeni yake, umelazwa.

"Papa Aziz, leo si siku yako," akasema bila kugeuka.

"Nina neno," nikasema.

"Ngojea nimalize hapa."

Désiré akatokea kwa mlango wa nyuma, mikono imejaa mafuta, anataka kumuuliza jambo la bomba. Akaliona lango, akaniona mimi, akatabasamu. Kwa utani, kwa ajili yangu, akagonga chuma mara tatu.

"Hodi, hodi, Maman Mauwa!"

Fernand alifumbua macho. Aliteleza kutoka jukwaani bila sauti, na maji yakachora mstari ulionyooka kuelekea lango.

Nilijua. Sekunde moja nzima kabla ya wengine wote nilijua anakwenda wapi na kwa nini. Ningepaswa kupiga kelele katika sekunde hiyo. Nilikuwa nimefungua kinywa. Sauti ilitoka baadaye.

Hakumshambulia. Alikuja kula. Mauwa aligeuka, akanyoosha mkono wa kushoto kuchukua ubao, na mkono ndio ulikuwa mahali ambapo nyama huangukia.

Yeye hakupiga kelele. Alisema, "Musimupige! Musimuguse!" Alilala kifudifudi ili mamba asimzungushe, akaweka filimbi mdomoni kwa mkono wa kulia na kupuliza. Fernand akaachia. Kwa sababu filimbi inamaanisha chakula kiko kituoni, na miaka mitatu ya kazi yake ilikuwa na nguvu kuliko Jumapili zangu saba. Kwa nafasi hiyo tukamvuta Mauwa nje.

Vidole viwili vimekatika, cha mwisho na cha jirani yake. Nilidhani na kiwiko pia. Kifundo cha mkono, daktari alisema, kimevunjika pande tatu.

Désiré alikuwa amekaa sakafuni anarudia, "Mi niligonga tu. Mi niligonga tu."




Jumamosi, 25 Januari

Hervé alifanya jaribio jana. Alisimama nje, akagonga mara tatu. Fernand akaja langoni, akafungua kinywa. Mtu amemzoesha, akasema Hervé, na halikuwa jambo la siku moja. Alichukua daftari. Kila ukurasa umeandikwa "kituoni". Jumapili zangu ndizo zilizoandikwa vizuri kuliko zote, kwa mwandiko wa mwalimu.

Kwa hiyo wamehitimisha kwamba ni Mauwa. Yeye ndiye anayelisha mara nyingi, yeye ndiye anayesimamia. Wamemsimamisha kazi akiwa kitandani hospitalini. Jumatano ya tarehe tano Februari kuna kikao; kibali chake cha kuchunga wanyama hatari kinaweza kufutwa, na bila kibali hakuna makao yatakayomchukua.

Mimi nimefanya nini? Nimeandika makala. Nimekaa saa tatu na nimeandika makala bora kuliko zote nilizowahi kuandika. "Nani Amekula Mkono wa Mauwa?" Nimemshambulia Hervé kwa jina. Nimeuliza kwa nini wanawake wetu ndio wanaokwangua zege karibu na meno. Nimeuliza maswali kumi na moja, yote ya haki, na kila moja nililiuliza ili lile la kumi na mbili lisiulizwe.


Jumanne, 28 Januari

Watu elfu kumi na tisa wamesoma. Leo jioni kundi lilikusanyika Porte de Namur na mabango yenye jina la Mauwa. Nilipofika walinipigia makofi. Mama mmoja wa Bukavu alinishika mikono yote miwili: "Papa, bila weye wangetumeza bazima." Nilipanda kwenye ngazi na kusema maneno. Yalikuwa matamu mdomoni na nilipokuwa nayasema nilijisahau kabisa, hiyo ndiyo aibu yangu kubwa, nilikuwa na furaha.

Désiré alinivuta kando. Amekonda ndani ya siku tano.

"Papa Aziz. Zile dimanche, Jumapili zako, kama nilikuwa ku chaudière, ku mutambo... Usiseme, tafadhali. Mi nina batoto."

"Sisemi," nikamwambia.

Nikapumua. Nilipata sababu nzuri ya kunyamaza: ninamlinda fundi. Niliishika sababu hiyo njia nzima mpaka Saint-Gilles.


Jumapili, 2 Februari

Nimekwenda hospitali na Rayhana. Alimpikia ndizi na samaki.

Mauwa amekaa kitandani, mkono umefungwa kama mtoto mchanga. Nilitegemea anishukuru kwa makala na nilikuwa nimeandaa jibu la unyenyekevu. Hakuitaja. Alimwambia Rayhana asante, akala kidogo kwa mkono wa kulia, kisha akaniangalia mimi.

"Papa Aziz, nimefikiri sana. Mamba hajifunzake mwenyewe. Kuna mutu alimufundisha."

"Ndiyo."

"Nazani ni miye."

Sikuelewa mara moja.

"Mwezi wa kumi na mbili mama yangu alikuwa mugonjwa kule Uvira, nilikuwa nachoka, natumika kama mutu wa kulala. Pengine siku moja nilimutupia ku mulango. Pengine mbili. Kisha nikaandika 'kituoni' kama kawaida, mukono inaandika yenyewe. Sikumbuke. Lakini kama si miye, ni nani? Daftari iko sawa." Akaangalia bandeji. "Donc ni haki yangu. Jumatano nitawaambia."

Rayhana akasema, "Mama, usijisingizie kitu usichokikumbuka."

"Mi nilimufundisha kuamini watu, Maman Rayhana. Kama nilimudanganya, ni miye."

Nilisimama. Nilisema nakwenda kununua maji. Mashine ya maji ilikuwa nje ya mlango na nilipita mbele yake, nikashuka ngazi, nikasimama barabarani kwenye mvua bila koti.

Rayhana alinikuta huko baada ya muda. Tukatembea mpaka kituo cha tramu.

"Ni weye," akasema.

"Umejuaje?"

"Katika makala yako hukuandika hata mara moja jinsi mamba alivyojifunza. Weye unayeandika kila kitu."


Jumatano, 5 Februari

Kikao kilikuwa saa nne asubuhi katika ofisi ya Hervé: yeye, mwanamke mmoja wa ukaguzi wa wanyama, Mauwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali kwa saa mbili, Désiré, na mimi niliyeitwa kama shahidi wa makosa ya uongozi.

Usiku wa jana niliandaa karatasi nne. Sikuzitoa mfukoni. Mauwa alipoanza kusema, "Pengine katika Desemba mimi..." nilimkata. Ni mara yangu ya kwanza kumkata mtu maneno kwa sababu nzuri.

Nilisema kwa Kifaransa: ni mimi. Jumapili saba, kuanzia tarehe nane Desemba hadi kumi na tisa Januari. Niligonga nijue alipo, nikamtupia langoni, nikaandika uongo. Nilikuwa naogopa. Désiré nilimfukuza mimi.

Désiré alifumba macho. Kisha akasema, "Ni kweli. Na miye nilikubali kufukuzwa. Nilitia saini sikuona."

Mwanamke wa ukaguzi aliandika kwa muda mrefu. Hervé alinitazama, na nilingoja hasira. Ningejua la kufanya nayo. Akasema tu, taratibu: "Makala yako ilisema mimi niliula mkono wake. Binti yangu aliisoma shuleni."



Tulitoka. Mauwa alisimama koridoni, akaegemeza bega ukutani. Nilidhani atanipiga kofi na nilikuwa nimeliweka shavu tayari, hata hilo lilikuwa maigizo.

"Ulisema ilikuwa mara ngapi?"

"Saba."

"Zote peke yako?"

"Zote."

"Siku ya kwanza nilikuambia, kama mutu anaogopa aniambie. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Miye naogopaka kila siku, Papa Aziz. Kila siku ya Mungu nafungua ule mulango na naogopa. Njo maana niko na ubao. Njo maana niko na jicho. Ulizani ile vitu yote ni ya nini?" Sauti yake ilipanda. "Ungesema neno moja! Tungetembea pamoja zile hatua. Na nilikuwa nakuya kujisingizia miye mwenyewe. Nililia pale kitandani juu ya kosa sikufanya!"

Alikwenda zake. Désiré alimfuata kumbebea mfuko.


Jumamosi, 8 Februari

Mauwa amerudishiwa kazi na kibali. Désiré amepewa onyo. Mimi nimepigwa marufuku kuingia bwawani, sawa.

Nilimwomba Mauwa asome masahihisho yangu kabla sijayachapisha. Alikubali tukutane kwenye mgahawa mdogo Matonge, mchana. Nilikuwa nimeandika kurasa sita. Alizisoma zote, kalamu mkononi, chai ikapoa.

"Hapa unaeleza Buyenzi na mama yako. Buyenzi ilifanya nini?"

"Ni kueleza desturi ya hodi, ili msomaji..."

Akapiga mstari. "Hapa unasema uoga ya mwanaume mweusi, ukoloni njo ilituletea. Papa Aziz, ukoloni haikugonga mulango."

Mtu wa meza ya pili alicheka, akajifanya anakohoa.

"Hapa unasema moyo wako unavuja damu." Aliinua mkono wa bandeji kidogo, akaushusha. Mstari. "Hii page yote unajitukana. Unajitukana muzuri sana, mutu atasoma atasema, angalia ule papa, ana roho kubwa. Toa."

"Kitabaki nini?"

"Weka yenye ulifanya. Weka siku. Weka jina langu na jina ya Hervé. Basi."

Nilichapisha saa tisa alasiri haya:

"Kati ya tarehe 8 Desemba na 19 Januari nilimlisha mamba langoni mara saba, kinyume na nilivyofundishwa, kwa sababu niliogopa kuingia. Kila mara niligonga lango kwanza, na kila mara niliandika katika daftari kwamba amekula kituoni. Kwa hiyo tarehe 23 Januari lango lilipogongwa alikuja kula, akamng'ata Mauwa, ambaye hakufanya kosa lolote. Nilijua hivyo nilipoandika makala ya tarehe 25 kumlaumu Hervé, ambaye naye hakulijua. Désiré aliyegonga hakujua kitu. Makala ile ilikuwa ya uongo."

Sentensi sita. Sijawahi kuandika kitu kifupi hivyo, na kila neno lilikuwa gumu kuliacha peke yake.


Jumatatu, 10 Februari

Redio wamefunga kipindi. Mama wa Bukavu aliyenishika mikono amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nimeusikiliza wote.


Jumatatu, 17 Februari

Mauwa amepiga simu, bila salamu ndefu. Fernand lazima asahau. Dawa yake ni moja: agongewe kila siku na asipewe kitu, mpaka aone kugonga si chochote. Désiré hawezi, anarudi nyuma akiliona lango. "Weye huna kazi," akasema.

Nasimama nje ya uzio wa pili, nagonga bomba lililounganishwa na lango. Fernand anakuja, anafungua kinywa, anangoja. Leo amengoja dakika nne na sekunde kumi. Kisha Mauwa anapuliza filimbi kutoka upande wa pili naye Fernand anakwenda kituoni, ambako mfanyakazi mwingine anamlisha. 


Ijumaa, 21 Februari

Dakika nne. Nadhani ananitambua kwa harufu.


Alhamisi, 27 Februari

Dakika mbili. Mvua.


Jumamosi, 1 Machi

Ramadhani imeanza. Nagonga nikiwa nimefunga, wote wawili tuna njaa. Sekunde hamsini. Nilimwambia Mauwa hilo la njaa. Hakucheka.


Jumapili, 9 Machi

Ameinua kichwa tu.


Alhamisi, 13 Machi

Hakusogea. Mauwa alingoja dakika kumi, akaniambia nigonge tena. Hakusogea. "Bon," akasema. "Usikuye tena kesho. Imeisha."

Nilitaka kumuuliza jambo. Alikuwa ameshageuka.


Jumapili, 16 Machi

Makao yalifungua milango kwa watu leo. Jua la kwanza la kweli tangu Oktoba. Rayhana aliniambia nisiende. Kisha akaniambia niende, lakini nisijifiche.

Nilisimama kwenye kioo pamoja na wageni, familia nyingi za kwetu, kofia za watoto na vitambaa vya kichwa. Ndani Mauwa alikuwa anamlisha Fernand kwa mara ya kwanza tangu Januari. Ubao sasa umefungwa kwa mikanda kwenye mkono wa kushoto, kwa kuwa vidole vilivyobaki haviushiki vizuri. Koleo kwa mkono wa kulia. Nyuma yake jicho jipya, mwanamke ambaye simjui. Alitembea hatua kumi na nne.

Mama kijana karibu yangu alikuwa ananitazama kwa upande. Baadaye nilisikia wenzake wakimwita Sumaya.

"Tonton, sauti yako naijua. Si ni weye Abdul-Aziz wa ku radio?"

"Ni mimi."

"Ule aliyefanya yule mama akatwe vidole?"

Zamani ningemsahihisha kitenzi. "Ni mimi," nikasema.

"Na unakuya kutazama."

Hakuuliza, alisema tu. Wengine waligeuka. Aliwashika watoto wake mabega, akawasogeza hatua mbili upande wa pili, bila fujo, kama mtu anayewatoa kwenye upepo. Pakabaki nafasi kati yangu na watu, na waliokuja baadaye, ingawa kioo kilikuwa kimejaa, hawakuijaza.

Filimbi ililia. Fernand alipokea nyama jukwaani, watoto wakashangilia. Mauwa hakuinua macho. Akiwa kazini haruhusiwi kuyainua. Alirudi nyuma polepole, ubao mbele ya miguu, na nikaona kupitia kioo kwamba kidevu chake kinatetemeka.

Nilikaa katika nafasi ile mpaka alipotoka na kufunga lango.